Feni Zinazunguka, Skrini Nyeusi: Mwongozo Kamili wa Kuunda Kompyuta Yako

Swali ni lilelile, hubadilika tu anayeuliza: "Nimefunga kila kitu kama video ilivyoonyesha, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Kifaa gani kimeungua?"

Mara nyingi hakuna kilichoungua. Kumbe RAM, yaani kumbukumbu ya muda, haijaingia mpaka mwisho, au waya wa umeme wa prosesa umesahaulika, au waya wa skrini umechomekwa pasipo pake. Shida ni kwamba mtu amefunga vifaa vyote kwa mkupuo mmoja, akaficha nyaya vizuri, akafunika kasha, ndipo akabonyeza swichi kwa mara ya kwanza. Ikigoma hajui aanzie wapi.

Hapa tutafanya kinyume. Tutaiwasha kompyuta mapema, ikiwa bado mezani, kabla haijaona kasha. Na hatua nyingi zina alama ya kukujulisha kwamba zimekwenda sawa. Hatua ambayo alama yake hujaiona, usiivuke.

## Vya kuwa navyo mezani

Vifaa vyenyewe:

- Prosesa na kipozaji chake
- Ubao mama, yaani mazabodi. Kuanzia hapa nitauita ubao tu
- RAM, ikiwezekana vipande viwili vilivyouzwa kwenye pakiti moja
- SSD ya M.2, yaani diski bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao
- Pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote
- Kadi ya picha, kama prosesa yako haiwezi kutoa picha yenyewe (nitasema "haina picha")
- Kasha na feni zake

Zana ni chache. Bisibisi ya nyota namba 2, yenye ncha ya sumaku (sumaku ile ndogo haidhuru SSD, usiogope). Kibakuli cha skrubu. Pesti ya joto. Alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tochi. Vifungo vya nyaya. Flashi ya GB 8 au zaidi. Skrini, na kibodi ya waya. Kibodi ya bluetooth haitakusaidia ndani ya BIOS, programu ya ubao inayoamka kabla ya mfumo wa kuendeshea.

Usitupe boksi la ubao. Ndilo meza yetu ya kazi, na kijitabu kilichomo ndani yake ndicho utakachokifungua mara nyingi kuliko mwongozo huu.

## Hatua ya 1: Hakikisha vifaa vinaelewana

Hii hufanywa kabla ya kununua, na ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi.

Soketi. Ni kiti cha prosesa kwenye ubao, na prosesa na ubao lazima viwe vya soketi moja. Kwa AMD utakutana na AM4 na AM5. Kwa Intel, LGA1700 ni ya kizazi cha 12 hadi cha 14, na LGA1851 ni ya Core Ultra 200S. Hakuna kulazimisha hapa.

RAM. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, kwa hiyo kwa macho zinafanana, lakini pengo la katikati limekaa mahali tofauti na moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. AM5 inakubali DDR5 peke yake. LGA1700 ina ubao za aina zote mbili, napo ndipo watu hujikwaa: wananunua ubao wa DDR4 na RAM ya DDR5.

BIOS. Soketi kufanana hakutoshi. Ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa yako unaweza usiitambue mpaka BIOS yake isasishwe. Tazama orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Kila prosesa imeandikiwa toleo la BIOS inaloanzia. Ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa una thamani kubwa, hasa ukiwa huna prosesa ya zamani ya kuazima.

Picha. Prosesa za Intel zinazoishia na herufi F hazina picha. Ryzen 5000 za AMD za kompyuta za mezani zisizo na herufi G hazina pia. Ryzen 7000 na 9000 zinazo kidogo, isipokuwa zenye F. Ukinunua isiyo na picha bila kadi, skrini itabaki nyeusi milele na hakuna kitakachokuwa kimeharibika.

Umeme. Jumlisha wati. Prosesa ya wati 120, kadi ya wati 220, na wati 60 za vingine vyote ni 400. Hapo nunua pawasaplai ya 600 au 650. Nafasi hiyo si anasa, kwa sababu kadi za picha huvuta umeme kwa kuruka ghafla, juu zaidi ya wati zilizoandikwa. Na usidanganyike na nembo ya 80 PLUS peke yake. Inakueleza umeme kiasi gani unapotea kama joto, haikuelezi kama pawasaplai italinda vifaa vyako siku ya hitilafu.

Vipimo. ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX 244 kwa 244, Mini-ITX 170 kwa 170. Kisha linganisha urefu wa kadi na kimo cha kipozaji na kile kasha linachoruhusu. Kipozaji kikizidi kwa milimita tano, ubavu wa kasha haufungi.

Alama ya mafanikio: una karatasi moja yenye majina kamili ya vifaa vyote, na kila mstari umeuhakiki kwa mtengenezaji, si kwa muuzaji.

## Hatua ya 2: Meza na mikono

Fanya kazi kwenye meza ya mbao, mbali na zulia. Gusa chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kushika kifaa, na urudie kila unapoinuka na kurudi. Umeme tuli usiousikia mkononi unaweza kuidhuru chipu. Shika ubao kwa kingo zake.

Onyo moja lisilo na mjadala: pawasaplai haifunguliwi, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na chaji.

## Hatua ya 3: Prosesa

Weka ubao juu ya boksi lake. Inua wenzo wa soketi. Tafuta pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa na mwenzake kwenye soketi, zikutane. Kisha iache prosesa ikae kwa uzito wake mwenyewe. Hakuna kusukuma, hakuna kutikisa. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Kwenye AM5 na LGA za Intel ziko ndani ya soketi, nyembamba kama nywele, na kuangusha prosesa juu yake ni kununua ubao mwingine.

Sasa rudisha wenzo. Kwenye soketi za LGA utahitaji nguvu na utasikia mlio wa kukwaruza unaotisha. Ni kawaida. Kifuniko cheusi cha plastiki kitaruka chenyewe. Kitunze, kwa sababu ubao ukirudishwa kwa dhamana bila kifuniko hicho unaweza kukataliwa.

Alama ya mafanikio: prosesa imelala bapa na wenzo umejifunga chini ya ndoano yake.

## Hatua ya 4: RAM

Nakaa hapa kidogo, kwa kuwa nusu ya skrini nyeusi ninazoitiwa chanzo chake ni RAM.

Ubao wenye sloti nne, vipande viwili huwekwa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kijitabu huziita A2 na B2. Si sloti mbili za kwanza, wala si mbili zinazopakana. Sababu ni jinsi njia za umeme zilivyochorwa ndani ya ubao: sloti hizo ziko mwisho wa njia, na ishara hufika safi zaidi.

Fungua ndoano. Ubao nyingi siku hizi zina ndoano upande mmoja tu, mwingine umeganda. Linganisha pengo la RAM na kizuizi cha sloti. Sukuma kwa vidole gumba viwili, ncha moja kisha nyingine, mpaka usikie "tak". Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani, na hapo ndipo mgeni huogopa na kuachia nusu njia. RAM iliyoingia nusu huonekana sawa kabisa ukiwa umesimama.

Basi inama. Tazama kwa ubavu ukitumia tochi. Ukiona mstari wa dhahabu umezama sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa sloti, hapo imeingia. Ukiona umeinama kama paa la upande mmoja, sukuma tena.

## Hatua ya 5: SSD

Hii ni dakika mbili. SSD ya kawaida ni 2280, yaani milimita 22 upana na 80 urefu, basi weka nguzo yake kwenye tundu lenye namba 80. Ichomeke kwa mshazari, ilaze, funga skrubu. Ukirudisha bati la kupoza juu yake, bandua kwanza utando wa plastiki uliogandishwa chini ya bati hilo.

## Hatua ya 6: Kipozaji

Tazama sehemu ya chini ya kipozaji. Kama kina pesti ya kijivu tayari, usiongeze. Kama hakina, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko mbili au tatu katikati ya prosesa. Usilipake, mgandamizo utalisambaza. Tone likizidi kidogo si balaa, likipungua ndiyo joto hupanda.

Kama kuna utando wa plastiki kwenye chuma, bandua. Nimeshafungua kompyuta iliyotumika miezi minne ikiwa na utando huo, na mwenye nayo alishaanza kuulizia prosesa mpya.

Skrubu zikaze kwa mkingamo: zungusha ya kona moja mara mbili tatu, nenda kona iliyo kinyume, kisha nyingine. Ukimaliza moja kabla ya kugusa zilizobaki, chuma kitainama na pesti itakimbilia upande mmoja. Waya wa feni uende kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN, maana ubao nyingi hulalamika wakati wa kuwaka zikikosa feni hapo.

Alama ya mafanikio: ukikishika kipozaji na kukitikisa taratibu, ubao wote unafuata.

## Hatua ya 7: Washa mezani

Ubao ubaki juu ya boksi la karatasi, si juu ya mfuko wake wa kung'aa, kwa sababu uso wa mfuko huo unaweza kupitisha umeme.

Chomeka plagi kubwa ya pini 24, kisha plagi ya pini 8 ya prosesa, juu kabisa kwenye kona ya ubao. Hii ya pili ndiyo husahauliwa. Nayo ina pacha wa uongo: plagi ya kadi ya picha pia ina pini 8. Ya prosesa hugawanyika 4 na 4 na huandikwa CPU. Ya kadi hugawanyika 6 na 2 na huandikwa PCIe. Ikikataa kuingia, si hiyo.

Kama pawasaplai yako ina nyaya za kuchomoa, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Upande wa pawasaplai mpangilio wa pini hauna kiwango kimoja, hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, hata kati ya modeli za kampuni ileile. Niliwahi kuchukua waya wa SATA, yaani waya wa umeme wa diski, kutoka kwenye sanduku la mabaki. Uliingia vizuri kabisa, ukaua diski mbili kabla sijainua mkono.

Prosesa ikiwa na picha, waya wa skrini uchomeke kwenye ubao. Isipokuwa nazo, weka kadi sasa, ishikilie isiinamie upande, na uipe umeme wake.

Washa pawasaplai kwa nyuma. Tafuta pini mbili za PWR SW kwenye kijitabu, uziguse kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja, kisha achia. Volti zilizopo hapo ni ndogo, hazikudhuru. Hakikisha tu ni pini zile hasa.

Alama ya mafanikio: BIOS inafunguka, na ndani yake unaona jina la prosesa, RAM yote uliyoweka, na SSD. Tazama pia joto la prosesa. Likikaa tuli au kupanda polepole, kipozaji kimeshika. Likikimbia kuelekea nyuzi 90 ukiwa ndani ya BIOS tu, zima, rudi hatua ya 6.

### Ikigoma

Kwanza, subiri. Ukiwa na DDR5, mara ya kwanza ubao hujifunza RAM, na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Mpe robo saa. Wengi huzima katikati, wakawasha, kazi ikaanza upya, nao wakaamini kimeungua.

Baada ya hapo tafuta taa nne ndogo kwenye kingo za ubao: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Ile inayobaki inawaka ndiyo inayokuelekeza.

CPU: angalia plagi ya pini 8, kisha toleo la BIOS, kisha pini za soketi kwa tochi. DRAM: toa RAM zote, rudisha kipande kimoja sloti ya pili, jaribu, badilisha na kingine. VGA: kadi haijaingia mpaka mwisho, haina umeme wake, au prosesa haina picha. BOOT: hongera, haijapata mfumo wa kuendeshea, na hatujauweka bado.

Ubao usio na taa hizo? Futa kumbukumbu ya BIOS. Zima pawasaplai kwa nyuma, toa betri ya CR2032, subiri dakika tano, rudisha. Na hakikisha skrini yenyewe imechagua tundu la waya uliouchomeka. Cheka, lakini hakikisha.

## Hatua ya 8: Ingiza kwenye kasha

Kuanzia hapa, jambo likiharibika unajua ni kasha au nyaya.

Hesabu nguzo fupi za shaba ndani ya kasha na uzilinganishe na matundu ya ubao wako. Nguzo iliyozidi, isiyo na tundu juu yake, itagusa mgongo wa ubao na kuunganisha njia zisizopaswa kukutana. Iondoe. Kama bati la nyuma la matundu halijaungwa na ubao, liweke kwanza. Ukilisahau, utafungua kila kitu tena.

Waya wa umeme wa prosesa pitisha mapema, kabla nafasi ya kona ile haijabanwa. Nyaya ndogo za mbele ndizo huchosha: PWR SW na RESET SW hazina chanya wala hasi, geuza upendavyo, za taa zina mwelekeo, na zikigeuzwa hazidhuru, taa haiwaki tu. Plagi pana ya USB 3 ina pini 19 zinazopinda kwa urahisi, isukume ikiwa imenyooka.

Feni huvuta hewa upande ulio wazi na kuitoa upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Za mbele ziingize, ya nyuma na za juu zitoe.

Kadi ya picha huja mwisho. Sloti yenyewe hutoa wati 75 tu, plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Kwa hiyo kadi ya wati 250 bila nyaya zake haina maisha. Ikiwa na plagi mbili, tumia nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai. Ile plagi mpya ya pini 16 isukume mpaka pasibaki upenyo wowote, na usiikunje karibu na mdomo wake. Plagi zilizoingia nusu zimeshayeyuka kwa joto.

Sasa hamisha waya wa skrini kutoka kwenye ubao kwenda kwenye kadi. Washa kabla ya kufunga ubavu. BIOS ileile uliyoiona mezani ikirudi, hatua imekamilika.

## Hatua ya 9: BIOS na mfumo

Ndani ya BIOS washa XMP au EXPO, mipangilio inayoiruhusu RAM kwenda kwa kasi yake iliyotangazwa. Bila hivyo RAM uliyoinunua kwa kasi ya 6000 inaweza kwenda 4800 mwaka mzima bila wewe kujua. Kompyuta ikianza kukwama baada ya kuiwasha mipangilio hiyo, punguza kasi ya RAM ngazi moja.

Windows 11 inadai UEFI (BIOS ya kisasa), Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) na TPM 2.0 (chipu ya usalama), hiyo ya mwisho mara nyingi imo tayari ndani ya prosesa, huitwa fTPM kwa AMD na PTT kwa Intel, iwashe tu. Ubuntu na ndugu zake hawadai TPM. Ukiwa na diski zaidi ya moja, chomoa nyingine wakati wa kuweka mfumo ili faili za kuwashia zisiende diski usiyoitaka. Na weka kwenye flashi draiva ya Wi-Fi ya ubao wako mapema, maana bila draiva hupati intaneti, na bila intaneti hupati draiva.

## Hatua ya 10: Mtihani

Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mpaka imalize. Kosa moja ni kosa. Hakuna kosa dogo la RAM. Kisha ipe prosesa na kadi mzigo mzito kwa saa moja ukitazama joto. Kila prosesa ina kikomo chake, Ryzen 7000 nyingi kwa mfano zimeundwa kuhimili nyuzi 95, basi tazama cha yako. Kinachonitia wasiwasi si namba kubwa baada ya nusu saa, ni namba inayogonga kikomo ndani ya sekunde chache. Hiyo ni pesti au skrubu.

## Ukitaka iwe biashara

Kuunga ni sehemu rahisi. Faida kwenye vifaa ni nyembamba, kwa sababu mteja anaona bei zilezile unazoziona wewe. Unauza mikono yako na utulivu wa akili yake, basi andika gharama ya kazi kwenye mstari wake, usiifiche ndani ya bei ya RAM. Pokea malipo ya vifaa kabla ya kuviagiza. Kasha la rangi aliyoichagua mtu aliyeghairi utakaa nalo.

Muulize atafanyia nini kompyuta kabla hajakutajia prosesa aliyoiona mahali. Akikulazimisha pawasaplai ya hovyo ili abaki na kadi kubwa zaidi, kataa kazi hiyo. Itarudi, na itarudi kwako.

Andika namba ya utambulisho (serial number) ya kila kifaa na upige picha ya ndani kabla ya kufunga. Iache ikifanya kazi usiku kucha kabla ya kukabidhi. Dhamana iandikwe kwa maneno mawili tofauti: kazi yako unaidhamini wewe kwa muda fulani, kifaa kinadhaminiwa na mtengenezaji. Maboksi yote mpe mteja. Usiweke Windows ya wizi, hata akiomba. Leseni ya kuuzwa pamoja na kompyuta hufungwa na ubao, mweleze hilo mapema.

Kwenye rafu yako kuwe na kipande kimoja cha RAM, pawasaplai moja na kadi moja ya kawaida ambavyo una hakika ni vizima, kwa ajili ya kubadilisha na kupima. Kadi nzito ya picha itoe na isafiri kwenye boksi lake. Barabara mbovu imevunja sloti nyingi.

Na siku mteja akipiga simu kwamba jana iliwaka kwako lakini nyumbani kwake skrini ni nyeusi, usichukue bisibisi kwanza. Muulize waya wa skrini ameuchomeka juu, kwenye ubao, au chini, kwenye kadi.